Polisi akikuibia akiwa kazini: namna ya kumfikisha kwa oditora, hapa Lubumbashi

Mdogo wangu aliteremshwa kwenye pikipiki saa tatu usiku, hatua chache kutoka meza ya mama muuza makaa. Polisi walikuwa wanne, na pikapu yao ilikuwa na taa moja tu inayowaka. Mmoja alimwambia ainue mikono, mwingine akampapasa toka mabegani mpaka miguuni, na alipofika kwenye soksi ya kushoto mkono ukatulia. Humo mlikuwa na dola 280, pesa ya mwenye duka la jumla, zimekunjwa ndani ya kipande cha plastiki. Simu nayo ikaenda. "Rudi kwenu, shukuru Mungu hatukukulaza kasho," wakamwambia, wakaondoka polepole kama watu waliomaliza kazi yao.

Mimi yaya wake, yaani mkubwa wake wa kuzaliwa, ndiye niliyekosea baada ya hapo. Kwa wiki tatu niligonga milango isiyofaa. Nilianza kwenye komiseria moja (kituo cha polisi), komanda akaniambia tumalizane kindugu, akanipa siku, kisha akanipa siku nyingine. Nikaenda parke ya kiraia (ofisi ya mashtaka ya raia), nikajibiwa kwamba polisi si mtu wao. Tulipofika kwa oditora ya kijeshi, ofisi ya mashtaka ya upande wa jeshi, kikosi cha usiku ule kilikuwa kimekwisha kuhamishwa. Ninaandika haya ili wewe usizipoteze hizo wiki tatu.

Hatua ya 1: Papo hapo, tumia macho kuliko mdomo

Usivutane na mtu mwenye bunduki. Pesa inatafutwa, uhai hautafutwi. Lakini macho yako hakuna anayeweza kukunyang'anya, kwa hiyo yape kazi. Tazama namba ya gari, hata tarakimu mbili tatu. Tazama kama lina maandishi ubavuni, kama kioo kimepasuka, kama taa moja imekufa. Tazama jina na namba ya matrikule kifuani. Kama kitambaa cha jina hakipo, hilo nalo ni jambo la kukumbuka na kuandika. Tazama cheo mabegani. Sikia wanaitana namna gani, wanasema Kiswahili cha hapa au Lingala, nani anatoa amri na nani anatii. Angalia wameelekea wapi walipoondoka.

Mdogo wangu alikumbuka tarakimu tatu za gari na ile taa iliyokufa. Baadaye hivyo viwili ndivyo vilivyofanya kazi kuliko machozi yetu yote.

Ukifika mahali salama, kabla ya kula na kabla ya kusimulia mtaa mzima, andika. Kama mkono unatetemeka, jirekodi kwenye simu ya mtu mwingine ukieleza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kesho yake kumbukumbu inaanza kujaza mapengo yenyewe, na siku ya kikao wakili wa upande wa pili atayatafuta mapengo hayo hayo. Saa iandike kwa namna ya Kifaransa, 21h00, kwa sababu "saa tatu" kwenye karatasi inaweza kusomwa kama asubuhi.

Kisha rudi mahali pale mchana, pamoja na mtu, uwatafute walioona. Motari aliyekubeba, mama wa makaa, mlinzi wa geti la jirani. Usiwalazimishe. Omba namba ya simu tu, waambie utawapigia kabla ya kutaja majina yao popote.

Hatua ya 2: Jua kosa linaitwaje

Si kila pesa inayoingia mkononi mwa polisi ni kosa la aina moja, na oditora watakusikiliza vizuri zaidi ukijua unalalamikia nini. Code pénal yetu, yaani sheria ya makosa ya jinai, inatofautisha hivi.

Akichukua kitu chako kwa siri au kwa ujanja, bila nguvu, huo ni wizi wa kawaida, ibara ya 79 na 80, kifungo mpaka miaka 5. Akitumia nguvu au vitisho, ni ibara ya 82, miaka 5 mpaka 20. Akikutisha mpaka wewe mwenyewe ukampa, kwa mfano akakulazimisha umtumie pesa kwa M-Pesa au Airtel Money ndipo akuachie, hiyo ni *extorsion*, ibara ya 84, nayo ni miaka 5 mpaka 20. Akiomba pesa kwa jina la kazi yake huku akijua hudaiwi kitu, kama yule wa rulaji (polisi wa barabarani) anayetaka falanga 10,000 bila karatasi yoyote, hiyo inaitwa *concussion*, ibara ya 146.

Iko pia ibara ya 81 bis, wizi wa kutumia silaha, ambayo adhabu yake ni kifo. Kwa sababu hiyo naomba sana: usiongeze chumvi. Kama bunduki ilikuwa begani tu na haikuelekezwa kwako, sema ilikuwa begani. Neno lako linaweza kumpeleka mtu mbali, na uongo mmoja ukigunduliwa, ukweli wako wote unaanguka pamoja nao.

Na kama wewe ndiye uliyetoa matabishi (rushwa) ili uachiwe kwa kosa ulilofanya kweli, mwambie avoka (wakili) mapema. Anayetoa rushwa naye ana kesi yake.

Watu wengi huniuliza: je, polisi hana haki ya kuchukua kitu? Anayo. Ofisa wa polisi ya mahakama, yule OPJ, anaweza kukamata kitu kinachohusu kosa. Lakini anatakiwa kuandika *procès-verbal de saisie*, kitu kielezwe humo, na wewe uliyekuwa nacho utie sahihi. Faini nayo hulipwa benki kwa karatasi inayoitwa *note de perception*. Hailipwi dirishani mwa teksi. Swali la kujiuliza ni hilo hilo kila mara: karatasi iko wapi?

Ukiingizwa kasho, yaani mahabusu, omba pesa na simu yako viandikwe kwenye daftari kabla ya kuvitoa, na uhesabu pesa kwa sauti mbele ya walio karibu. Konstitisheni, ibara ya 18, inasema uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa, na kushikwa huko kusipite saa 48. Ukitoka, hesabu vitu vyako palepale mlangoni.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kabla haujapoa

Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Mtu anasema, "Waliniibia dola 280," anaulizwa, "Nani anajua ulikuwa nazo?" na anakaa kimya.

Sisi tulipona kwa jambo dogo. Mdogo wangu alikuwa ametoa pesa ile kwa ajenti jioni hiyo hiyo, na ujumbe wa simu ulionyesha kiasi, tarehe na dakika. Ila ujumbe huo ulikuwa ndani ya simu iliyoibiwa! Ilibidi aende kwenye duka la kampuni na kitambulisho chake, arudishiwe laini yake, aombe na historia ya mihamala yake. Fanya hivyo siku ya kwanza. Kurudisha laini kunafunga pia mlango kwa mwizi anayetaka kumaliza pesa iliyobaki.

Tafuta boksi la simu. Pembeni lina namba ya IMEI, tarakimu 15. Kama bado una simu yako, bonyeza *#06# sasa hivi, uiandike namba hiyo kwenye daftari la nyumbani. Oditera, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, akiitaka kampuni ya simu imweleze simu hiyo inatumiwa na laini gani, atahitaji hizo tarakimu 15 kuliko maelezo kwamba ilikuwa nyeusi na kava ya Mazembe.

Kama ulilazimishwa kutuma pesa, usifute ujumbe wala usimpigie aliyepokea kumtukana. Namba yake imesajiliwa kwa jina, na oditera ana uwezo wa kulidai jina hilo. Wewe huna. Kumpigia ni kumpa nafasi ya kuitupa laini.

Kama ulipigwa, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, uombe cheti. Alama ya mkanda wa polisi mgongoni haidumu mpaka kikao.

Hatua ya 4: Nenda mlango wake

Hili ndilo nililolijua kwa kuchelewa. Konstitisheni ya mwaka 2006, ibara ya 156, imewaweka wanajeshi na polisi wote wa taifa chini ya mahakama za kijeshi. Hata kama aliyeibiwa ni raia, hata kama kitu ni simu ya falanga chache, polisi anaitikia kwa oditora ya kijeshi, *auditorat militaire*. Huko ndiko unapeleka mashtaka. Parke ya kiraia ukiiandikia, utarudishwa au karatasi yako italala.

Oditora ziko ngazi mbali mbali kufuatana na cheo. Polisi wa vyeo vya chini mpaka yule ambaye mtaani tunamwita kapiteni wanahukumiwa na *tribunal militaire de garnison*. Kuanzia *commissaire supérieur adjoint*, ambaye watu wanaendelea kumwita mejari, mpaka yule wanayemwita koloneli, ni *cour militaire*. Usijisumbue sana na hilo. Kama hujui cheo, peleka kwa *auditorat militaire de garnison* ya Lubumbashi, na wao watapandisha faili kama mkubwa ametajwa.

Kuna mlango wa pili unaokwenda sambamba na huo: *Inspection générale de la Police*, ambayo kazi yake ni kuwakagua polisi wenyewe. Huko wanatazama nidhamu, na adhabu ya nidhamu haifuti kesi ya wizi wala kesi haifuti nidhamu. Mwachie nakala pia *commissaire provincial*. Mimi nashauri barua moja, nakala kwa wote, ili asipatikane hata mmoja wa kusema hakuambiwa.

Tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, nayo inapokea malalamiko ya raia. Na kama huna pesa ya avoka, waulize kwenye baro (chama cha mawakili) habari ya *bureau de consultations gratuites*. Ofisi hiyo imewekwa na sheria kwa ajili ya wasio na uwezo. Nenda na karatasi ya kuonyesha hali yako.

Hatua ya 5: Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Kifaransa kizuri hakishindi kesi. Zinazoshinda ni tarehe, saa na mahali. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa na una haki ya kutoa maelezo kwa Kiswahili ukihojiwa, lakini barua yenyewe itasomwa haraka zaidi ikiwa kwa Kifaransa, lugha ya ofisi. Iandike kwanza kwa Kiswahili kama hivi, kisha mpe avoka au mwalimu unayemwamini aitafsiri bila kuipamba:

"Kwa Mheshimiwa Oditera wa kijeshi wa garnizon ya Lubumbashi.

Jambo: Mashtaka ya wizi wa kutumia nguvu dhidi ya polisi wasiojulikana.

Mimi, (majina yote matatu), mkaaji wa (avenue, namba, kartie, komini), simu (namba), nina heshima ya kukuletea mashtaka haya.

Tarehe (…), saa 21h00, kwenye avenue (…), karibu na (alama inayojulikana), polisi wanne wenye sare walinisimamisha. Walikuwa na pikapu yenye tarakimu (…) kwenye namba yake, taa ya mbele ya kushoto haiwaki. Mmoja, mrefu, mwenye kovu (…), alitoa dola 280 kwenye soksi yangu. Mwingine alichukua simu ya aina (…), IMEI (…). Hawakuandika karatasi yoyote wala kunieleza kosa langu.

Walioona: watu wawili, ambao majina yao nitakutajia ana kwa ana.

Naomba watafutwe kwa kutumia orodha ya doria ya usiku huo, wahojiwe, na nirudishiwe mali yangu. Nimeambatanisha: nakala ya kitambulisho, historia ya muhamala, picha ya boksi la simu.

Sahihi, tarehe."

Tazama mambo matatu humo. Kwanza, kutojua majina hakukuzuii: kwa Kifaransa inaitwa *plainte contre inconnus*, na kuwatafuta ni kazi ya oditera. Pili, ombi la orodha ya doria. Kila kikosi kinachotoka usiku kimepangwa na mtu, na gari limekabidhiwa kwa mtu. Orodha hiyo ndiyo inayogeuza "polisi fulani" kuwa mtu mwenye jina na matrikule. Inabadilika na kupotea haraka, ndiyo maana wiki tatu zangu zilituumiza. Tatu, mashahidi hawatajwi kwenye karatasi ambayo nakala zake zinazunguka maofisini. Mama wa makaa anarudi kukaa barabarani pale pale kila jioni, na pikapu inapita.

Hatua ya 6: Muhuri

Toa nakala tano. Moja inabaki kwako, na kwenye hiyo yako karani aweke muhuri, tarehe na sahihi: *accusé de réception*. Usitoke ofisini bila hiyo. Ukiambiwa "acha tu, mkubwa ataona", kaa kwenye benchi, sema kwa upole, "Shefu, nasubiri muhuri." Nilikaa saa nne kwenye benchi hilo. Bila muhuri, siku ofisa akihamishwa, barua yako haikuwahi kuwako.

Ukiombwa pesa ya "kufungua faili", omba risiti. Mara nyingi ombi linaishia hapo.

Uliza namba ya faili na jina la ofisa aliyelipokea. Kisha nunua daftari dogo, na kila unapokwenda andika tarehe, uliyemwona, alichosema. Nenda mara moja kwa wiki, siku ile ile. Ukizoeleka uso, faili lako nalo linazoeleka.

Hatua ya 7: Watakapokuja kumaliza kindugu

Watakuja. Atakuja shangazi wa polisi akilia, au komanda mwenyewe akiwa na bahasha. Nami simlaumu mke wa polisi ambaye mshahara wa bwana wake hautoshi kununua gunia la unga. Taabu yao ni ya kweli. Lakini aliyeibiwa naye anadaiwa na mwenye duka.

Ukirudishiwa mali yako, ipokee, ni yako. Iandikieni karatasi: nani ametoa, kiasi gani, tarehe, na mashahidi. Usitie sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba hakuna kilichotokea au kwamba ulimsingizia. Ujue pia kwamba wizi si kosa linalofutika kwa sababu mwenye mali amerudishiwa. Oditera anaweza kuendelea hata kama wewe umeondoa mashtaka.

Kuhusu woga, usiudharau. Usiende komiseria peke yako. Nenda na avoka, au shefu wa avenue, au mzee wa kanisa. Badilisha njia yako ya jioni kwa muda. Na tafadhali usiweke picha na jina la polisi kwenye Facebook kabla ya mashtaka yako kupokelewa. Ibara ya 74 ya code pénal inaadhibu kumchafulia mtu jina, ya 76 inaadhibu mashtaka ya uongo kwa wakubwa, na tangu mwaka 2023 tuna code du numérique juu ya yanayoandikwa mtandaoni. Nimeona mtu aliyeibiwa akiishia yeye kuwa mshtakiwa kwa ajili ya maneno ya hasira ya dakika tano.

Hatua ya 8: Kikao

Ukiitwa, peleka kitambulisho, barua ya mwito na nakala yenye muhuri. Mbele ya majaji wa kijeshi unaweza kujitangaza *partie civile*, yaani mtu anayedai fidia, na avoka wako akaomba dola zilizoibiwa, thamani ya simu, na hasara iliyofuata. Anaweza pia kuomba serikali ihesabiwe kuwa mwajiri wa mkosaji, kwa ibara ya 260 ya code civil, livre III. Kushinda hilo kwenye karatasi na kulipwa ni safari mbili tofauti. Ya pili ni ndefu, jiandae.

Muda pia una mwisho. Wizi wa kawaida ukipita miaka 3 bila kushughulikiwa hauwezi tena kushtakiwa. Ule wa nguvu, miaka 10. Nawaandikia hili hasa ndugu wa Goma na Bukavu, ambako tangu Januari na Februari 2025 miji imetoka mikononi mwa serikali na milango niliyoitaja hapa hamuwezi kuigonga. Fanyeni hatua ya 1 na ya 3 tu. Tarehe, namba, boksi la simu, jina la aliyeona. Fungieni ndani ya plastiki na mhifadhi mbali na nyumba.

Upande wetu, tarakimu tatu na taa iliyokufa zilitosha kulipata gari, na gari likatoa majina mawili kati ya manne. Simu haijaonekana. Mdogo wangu ameitwa tena Alhamisi, na safari hii mama wa makaa amekubali kwenda kusema alichokiona. Nauli yake ya basi, kwenda na kurudi, tumeiweka kwenye bahasha pamoja na falanga za siku nzima atakayokosa kuuza.